Maua Bila Watu: Uhakiki wa Picha za Micheri ya Washington

1. Utangulizi

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, mji wa Washington huko Marekani hupokea wageni zaidi ya milioni moja wanaokuja kutazama maua ya micheri. Miti hiyo imezunguka Tidal Basin, yaani bwawa la kutengenezwa lililo kando ya mto Potomac. Karibu kila mgeni huja na kamera au simu. Hata hivyo, picha iliyozoeleka kuliko zote, ile ya kadi za posta, kalenda na vitabu vya utalii, aghalabu haina mgeni hata mmoja. Ndani yake mna matawi yaliyojaa maua, maji yaliyotulia, na ng'ambo ya maji jengo jeupe la ukumbusho wa Thomas Jefferson. Waliokuja kutazama hawamo.

Makala haya yanachunguza kutokuwamo huko. Swali lake ni hili: je, kumwondoa binadamu katika picha ya maua ya mjini ni jambo la fani tu, au ni jambo la maudhui pia? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba fani na maudhui haviwezi kutenganishwa katika suala hili. Picha ya maua ya mjini iliyofuta watu huwa imefuta pia sababu ya maua hayo kuwapo pale yalipo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini taaluma ya Kiswahili. Majibu ni mawili. Kwanza, wahakiki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 na 1980, hasa wale wa Dar es Salaam, walijenga zana za uhakiki ambazo hazikuishia katika riwaya na ushairi: fani na maudhui, mandhari na wahusika, msanii na jamii yake. Zana hizo yafaa zijaribiwe katika sanaa nyingine ili nguvu yake ipimwe. Pili, Kiswahili chenyewe kina maneno ambayo, yakichunguzwa vizuri, huonyesha kwa nini mpigapicha anayefuta watu hafanyi jambo dogo. Yafaa kuanza na maneno hayo.

2. Maneno matatu: majira, picha, umati

Neno la kwanza ni majira. Kiswahili hakina jina moja lililokubaliwa na wote kwa msimu ule wa nchi za baridi ambapo theluji huyeyuka na miti kuchanua. Wafasiri wengine huandika masika, wengine majira ya kuchipua. Lakini masika ya pwani ni mvua ndefu za kuanzia Machi hadi Mei. Ni msimu wa maji na kilimo, si wa kutazama maua. Katika Katanga hali ni nyingine tena: miti ya miombo hutoa majani mapya, mengi yakiwa mekundu, mnamo Septemba na Oktoba, katika joto kali linalotangulia mvua. Mwanafunzi wa Lubumbashi anakujua kuchipua kwa miti. Asichokijua ni baridi ya miezi mingi inayokutangulia huko ng'ambo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia majira ya kuchipua, kwa kukumbuka kwamba huko Washington kuchipua ni mwisho wa miezi ya kujifungia ndani. Maua yanapotoka, watu nao hutoka. Mambo hayo mawili ni tukio moja.

Neno la pili ni picha. Limetoka katika Kiingereza, likazoea na kuwa la Kiswahili kabisa. Mjini Lubumbashi huishi jirani na foto, lililotoka katika Kifaransa. Kitenzi kinachokwenda nalo ni kupiga, kama vile kupiga ngoma, kupiga simu au kupiga hodi. Hapa sarufi ina jambo la kufundisha. Kwa maua, msemaji husema kwa kawaida: alipiga picha za maua. Kwa binadamu anaweza kusema hivyo hivyo, lakini husema pia: aliwapiga watu picha. Katika tungo hii ya pili kiambishi cha yambwa kimemwingiza binadamu ndani ya kitenzi chenyewe. Maua hubaki nje, yameunganishwa na picha kwa kihusishi tu. Hii si kanuni isiyovunjika, lakini mwelekeo wa usemi ni dhahiri. Kwa mujibu wa lugha, mtu aliyepigwa picha ametendwa jambo, naye ana haki ya kuuliza ni kwa nini. Ua haliulizi. Yumkini hii ni sababu mojawapo ya wapigapicha wengi kuyapenda maua.

Neno la tatu ni umati. Umati na umma ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yametoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya watu walio jamii moja. Katika matumizi ya leo ndugu hawa wameachana. Umati ni watu wengi waliojaa mahali pamoja, wasiojulikana majina, wanaosukumana na kuzibiana njia. Umma ni watu wenye haki na madai: mali ya umma, afya ya umma, maoni ya umma. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa uhakiki unaofuata. Mpigapicha husema anaondoa umati kwa sababu unaziba maua. Inabidi kuuliza kama hajauondoa umma.

3. Miti iliyopandwa ili itazamwe

Micheri ya Washington haikuota yenyewe. Wazo la kuipanda lilipiganiwa na Eliza Ruhamah Scidmore, mwandishi na mpigapicha Mmarekani, ambaye picha zake za Japani zilichapishwa katika gazeti la National Geographic. Alirudi kutoka Japani mwaka 1885 akiwa na ombi kwamba miti hiyo ipandwe kwenye ukingo wa Potomac. Wakuu wa mji hawakumsikiliza kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1909 alimwandikia Helen Taft, mke wa Rais, na ombi likapata mlango.

Shehena ya kwanza ya miti 2,000, zawadi ya mji wa Tokyo, ilifika Januari 1910. Wakaguzi walikuta ina wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Tokyo, chini ya meya wake Yukio Ozaki, ilituma miti mingine 3,020, ikafika mwaka 1912. Tarehe 27 Machi mwaka huo Helen Taft na mke wa balozi wa Japani, Bi. Chinda, walipanda miwili ya kwanza. Hivyo mwanzo wa mandhari haya ni ombi la mpigapicha, moto wa wakaguzi, na zawadi ya mji kwa mji.

Aina iliyo nyingi zaidi huitwa Yoshino, nayo ina sifa inayohusu hoja hii moja kwa moja. Huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo, si kwa mbegu, kwa hiyo miti yote ni nakala ya mti mmoja. Ikipata joto sawa huchanua karibu siku zile zile, na maua hayadumu zaidi ya wiki moja au mbili. Wasimamizi huita kilele ile siku ambapo maua 70 katika kila 100 ya Yoshino yamefunguka. Kilele cha mapema kilichoandikwa ni tarehe 15 Machi 1990, na cha kuchelewa ni tarehe 18 Aprili 1958. Kwa kuwa maua huja pamoja na kuondoka pamoja, watu nao hawana budi kuja pamoja. Msongamano ule si ajali iliyoivamia bustani, bali umetokana na tabia ya mti wenyewe. Maua yenyewe ni umati: hakuna aendaye Tidal Basin kutazama ua moja.

4. Fani: namna umati unavyotoweka

Katika historia ya upigaji picha, kutoweka kwa umati kulianza kama udhaifu wa chombo. Mfano mashuhuri ni picha ya Louis Daguerre ya mwaka 1838, inayoonyesha barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ile ilikuwa na shughuli nyingi mchana, lakini katika picha inaonekana tupu. Sababu ni kwamba bamba lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa. Magari ya farasi na wapita njia walipita upesi mno, wasiache alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu, pamoja na msafishaji wake. Picha hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kuonyesha binadamu. Yafaa kukumbuka kwamba waliosalimika ni mtu mwenye nafasi ya kusimama na maskini aliyeinama miguuni pake. Wengine wote walifutwa na mwendo wao.

Nusu karne baadaye, huko Yokohama, Kusakabe Kimbei na wapigapicha wenzake waliwauzia wageni picha zilizotiwa rangi kwa mkono, zikiwamo za bustani na njia za micheri. Muda wa kupokea mwanga ulikuwa umepungua, lakini haukuwa mfupi vya kutosha kuunasa umati unaotembea. Kwa hiyo katika picha nyingi za aina hii watu wamepangwa: wanawake waliovaa vizuri wamesimama chini ya matawi, hawatikisiki. Umma wa wenye kusherehekea, wenye kula na kunywa chini ya miti, ulikuwa mgumu kwa chombo. Mnunuzi wa kigeni alipata maua na mapambo. Zogo la sherehe hakulipata.

Leo udhaifu huo umekwisha. Kamera ya kawaida hunasa mbio za mtoto na petali inayoanguka. Lakini lile ambalo Daguerre hakuweza kuliepuka, mpigapicha wa leo hulitafuta kwa makusudi. Njia zake ni kadhaa. Ya kwanza ni kuamka kabla ya alfajiri na kumaliza kazi kabla watu hawajafika. Ya pili ni kuinua lenzi juu ya vichwa, au kusogea karibu na tawi hadi maua yazibe kila kitu. Ya tatu ni kuweka kioo cheusi mbele ya lenzi na kuacha mwanga uingie kwa dakika nzima au zaidi, ili wanaotembea watoweke kama walivyotoweka Paris. Ya nne ni kupiga picha nyingi za mahali pamoja na kuiachia kompyuta ibakize tu kile ambacho hakikusogea. Ya tano ndiyo rahisi kupita zote: simu za miaka hii ya 2020 zina programu ya kufuta mtu kwa kidole, na nafasi yake hujazwa nyasi na maua ambayo hayakuwapo.

Njia hizi hazilingani kimaadili. Aliyeamka mapema ameona utupu wa kweli. Aliyeinua lenzi amechagua, na kuchagua ndiyo kazi ya msanii yeyote. Lakini anayetumia njia tatu za mwisho hutoa ushahidi wa saa ambayo haikuwapo: mchana mweupe wa siku ya kilele, Tidal Basin bila mtu. Kwa msamiati wa uhakiki, mandhari yamehifadhiwa na wahusika wamefukuzwa, kisha hadhira inaombwa iamini kwamba hadithi haikuwa na wahusika tangu mwanzo.

5. Maudhui: kinachopotea

Je, kinapotea nini? Mashabiki wa picha tupu husema hakipotei kitu ila makoti, mikoba na fimbo za simu. Historia ya mahali penyewe inawakanusha.

Mwaka 1918 ulifunguliwa ufuko wa kuogelea katika Tidal Basin, na ulikuwa wa Wazungu peke yao. Ulipozuka mjadala wa kuwajengea Weusi ufuko wao, mwisho wake ni kwamba ufuko wote ulifungwa mwaka 1925. Picha ya wakati ule yenye watu ukingoni mwa bwawa huonyesha nani alikubaliwa kuwa sehemu ya umma na nani hakukubaliwa. Picha ya matawi na maji peke yake, hata ikipigwa siku ile ile, haisemi lolote. Uzuri wake umekuwa pazia.

Mfano wa pili una nguvu zaidi, kwa maana unahusu jengo lile lile linaloonekana katika kadi za posta. Mwaka 1938 serikali ilitaka kung'oa baadhi ya micheri ili kujenga ukumbusho wa Jefferson. Mwezi wa Novemba wanawake wa mji walikwenda kwenye miti na kuizuia kazi, wengine wakajifunga kwa minyororo. Magazeti yaliwapiga picha. Rais Franklin Roosevelt hakuacha mradi wake, lakini yalipatikana maafikiano: miti zaidi ingepandwa upande wa kusini wa bwawa ili izunguke jengo kama fremu. Ukumbusho ulizinduliwa mwaka 1943. Basi ile sura mashuhuri ya jengo jeupe lililozungukwa na maua imetokana kwa sehemu na mgogoro wa watu waliosimama pale kwa miili yao. Kumfuta mtu katika picha hiyo ni kufuta mtunzi mmojawapo wa picha yenyewe.

Mfano wa tatu ni mfupi. Tarehe 11 Desemba 1941, siku chache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, miti minne ilikutwa imekatwa. Waliokata hawakujulikana. Watu wanaopenda maua na watu wanaoyachukia hutoka katika mji mmoja, na pengine katika mtaa mmoja. Maua yaliyochanua mwaka uliofuata hayakuwa na tofauti na ya mwaka uliotangulia. Tofauti ilikuwa katika macho ya waliotazama, na macho hayo hayaonekani katika picha isiyo na watu.

Kutokana na mifano hii mitatu yaweza kusemwa kwamba maua ya mjini ni maudhui ya kijamii tangu mzizi. Ua la porini laweza kuwapo bila mtazamaji. Ua la Tidal Basin liliombwa, likachomwa, likatumwa tena, likapandwa, likabaguliwa watu wake, likateteewa kwa minyororo na kukatwa kwa hasira. Msemo wa Kiswahili usemao mtu ni watu unalifaa: hapa hata ua ni watu.

6. Hoja za upande wa pili

Haki inadai hoja za upinzani zisikilizwe, kwa kuwa si dhaifu.

Hoja ya kwanza ni ya uzuri. Ukimya nao ni dhamira, na msanii ana haki ya kuutafuta. Mtu aliyechoshwa na mji huenda akahitaji picha ya mahali pasipo kelele, kama vile mshairi anavyohitaji shairi la upweke. Hoja hii inakubalika, kwa sharti moja: upweke uwe wa msanii kweli, usiwe wa kubuniwa kisha ukauzwa kama taarifa ya mahali.

Hoja ya pili ni ya heshima. Si kila aliyetoka kutazama maua alitoka apigwe picha. Mama anayenyonyesha chini ya mti, wapenzi wasiotaka kuonekana, mhamiaji mwenye kuogopa: hao wote wana haki ya kutoingia katika picha ya mgeni. Hoja hii ni nzito, na sarufi iliyotajwa hapo juu inaiunga mkono, kwa kuwa kumpiga mtu picha ni kumtenda. Lakini jibu lake si lazima liwe kufuta. Mpigapicha anaweza kuomba ruhusa, anaweza kusimama mbali, anaweza kupiga migongo, mikono iliyoinuliwa au vivuli juu ya petali zilizoanguka. Kuficha uso wa mtu ni kumlinda. Kuficha kuwapo kwa watu wote ni jambo jingine.

Hoja ya tatu husema kwamba picha yenye umati nayo huweza kudanganya. Ni kweli. Lenzi ndefu hubana umbali, ikawafanya watu mia waonekane kama elfu wamepandana. Kuna pia picha zinazoutumia umati kama kichekesho: bahari ya simu zilizoinuliwa, na kejeli ya mpigapicha kwamba hawa wote ni wajinga wasioona maua kwa macho yao, ilhali yeye naye anayo kamera mkononi. Umati wa namna hiyo haujawa umma. Umebadilishwa tu kutoka kero kuwa dhihaka. Kwa hiyo kigezo hakiwezi kuwa idadi ya vichwa ndani ya picha.

Kigezo kinachofaa kinaonyeshwa na majira ya mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka huo, janga la korona lilipoanza, watu waliendelea kumiminika Tidal Basin, hata wakuu wakalazimika kufunga njia za kufikia hapo. Miti ikachanua bila watazamaji. Picha za siku zile hazina watu, nazo ni miongoni mwa picha za kweli kabisa za micheri hiyo. Utupu wake ni habari, kwa maana kila azitazamaye anajua nani hayupo na kwa nini. Basi kigezo ni hiki: je, utupu ndani ya picha ulitokea, au ulitengenezwa? Na kama ulitengenezwa, je, picha inakiri hivyo?

7. Mti wenye shina tupu

Katika mwaka ule ule wa 2020 ukapata umaarufu mti mmoja ambao wapigapicha wa kadi za posta wasingeuchagua. Ulikuwa mfupi, shina lake limeoza ndani na kubaki gamba, ukiwa umesimama ukingoni kabisa ambapo maji ya kujaa huifikia mizizi. Watu waliupa jina la utani Stumpy, yaani Kisiki. Ulipendwa kwa sababu ulichanua ingawa haukuonekana kuwa na chochote cha kuchanulia.

Uhakiki wa picha za mti huu ni rahisi na wenye faida. Katika picha tupu za Tidal Basin mtazamaji hajui miti inakabiliwa na nini. Katika picha za Kisiki anajua mara moja: maji yako pale, gamba liko pale, na pembeni pana foleni ya watu. Mambo mawili yaliyoidhuru miti ya ukingo ule yanaonekana pamoja. La kwanza ni kutitia kwa ukuta wa bwawa, kulikoyaruhusu maji yafunike njia na mizizi. La pili ni nyayo: udongo unaokanyagwa na maelfu hushindiliwa, na mizizi hukosa hewa na maji. Hapa hoja ya makala haya inakutana na ugumu wake. Watu ndio sababu ya maua kuwapo, na watu hao hao huyaua polepole kwa kuyapenda.

Mwaka 2024 idara ya hifadhi za taifa ilianza kuujenga upya ukuta, kazi iliyolazimu kukatwa kwa micheri zaidi ya 100. Majira yale watu walikuja kwa wingi kumuaga Kisiki, akakatwa mwezi wa Mei. Vikonyo vyake vilikwisha kuchukuliwa ili kuotesha miche mipya. Mpigapicha aliyewafuta waagaji katika picha ya majira hayo ya mwisho amebaki na mti mbovu wenye maua machache. Aliyewabakiza ana picha ya mazishi. Nyayo nazo ni sehemu ya habari: picha inayofuta umati humfutia umati huo hata hatia yake, na mtazamaji hupewa bustani isiyohitaji kutunzwa na mtu.

8. Somo kwa Lubumbashi

Mjadala huu waweza kuonekana wa mbali kwa mji wa migodi. Lakini swali la picha tupu lilishaulizwa Lubumbashi, tena kwa ukali zaidi, ingawa si kwa maua. Sammy Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978, alitengeneza mfululizo wa picha uitwao Mémoire, wa mwaka 2006. Alipiga picha za rangi za mitambo na majengo ya migodi ya Katanga yaliyochakaa, mahali pakubwa pasipo mtu. Kisha akachukua watu kutoka picha za kale za nyaraka za wakati wa ukoloni, wasiotiwa rangi, wakiwamo wafanyakazi wa migodi, akawasimamisha katika mandhari yale ya leo.

Kwa chombo, Baloji na mfutaji wa umati wa Tidal Basin wanafanya kazi inayofanana: wote wawili wanaibadili picha. Kwa maudhui wanapingana kabisa. Mmoja huwatoa watu waliokuwapo. Mwingine huwarudisha watu ambao mandhari yaliwasahau. Tena kuna tofauti ya ukweli wa fani. Programu ya kufuta huficha mshono wake, na hufurahi isipoonekana. Baloji huuacha mshono wazi, kwani mtu asiye na rangi katika mandhari yenye rangi hamdanganyi yeyote. Picha inakiri kwamba imetengenezwa, na kwa kukiri huko inasema kweli kuhusu nani aliijenga Katanga na nani hakuhesabiwa.

Mwaka 2008 Baloji na wenzake walianzisha mjini Lubumbashi mkutano wa sanaa ya picha ambao baadaye ulijulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Jina walilolichagua ni neno la Kiswahili: Picha. Kwa wasomi wa lugha hili si jambo la kupuuzwa. Neno lililoingia kutoka ng'ambo limepewa kazi ya kutaja taasisi ya mji, na wageni wa dunia wanalitamka kama lilivyo. Yabakia kazi ya uhakiki kulingana na hadhi hiyo, yaani Kiswahili kisiwe jina la mlangoni tu, bali kiwe pia lugha ya kupimia kilicho ndani.

Kazi hiyo yaweza kuanza karibu. Mijakaranda ya Lubumbashi inapochanua, nayo hupigwa picha, na mara nyingi barabara iliyofunikwa petali za zambarau huonyeshwa bila muuza matunda aliyekaa chini ya mti, bila wanafunzi wanaopita, bila mfagiaji wa asubuhi. Miti hiyo pia si ya porini. Ilipandwa mjini na watu, kwa ajili ya watu fulani, katika mitaa ambayo si kila mtu aliruhusiwa kukaa. Mwanafunzi atakayeweka picha mbili za barabara hiyo kando kwa kando, moja yenye watu na nyingine bila watu, na kuuliza kila moja imeficha nini, atakuwa ameanza uhakiki.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba umati uliondoka katika picha za kwanza kwa sababu chombo hakikuweza kuunasa, na kwamba leo huondolewa kwa sababu mwenye chombo hautaki. Yameonyesha pia kwamba maua ya Washington ni tunda la maombi, migogoro na mapenzi ya watu, hivi kwamba kuyaonyesha bila watu, pasipo kukiri, ni kuyatenga na historia yake. Halikatazwi jambo la kupiga maua peke yake. Linalotakiwa ni kwamba utupu wowote ndani ya picha ujieleze: ama ulitokea, kama mwaka 2020, ama umetengenezwa na mshono uonekane.

Kiswahili kimegawa neno moja la Kiarabu katika maneno mawili, umati na umma. Mpigapicha aliyesimama chini ya mti uliochanua, huku watu wakimsukuma na kumziba, anao uwezo wa kuyaunganisha tena. Kwa kazi hiyo hahitaji chombo kipya. Inatosha asibonyeze kitufe cha kufuta.